Mfumo wa Zamani Unatosha

Bugelamo, Mbogwe
Jumanne, 12 Novemba 2024

Kaka yangu Ezekiel,

Shikamoo kaka. Wifi Eunice hajambo? Na yule mdogo alishapona kikohozi alichoondoka nacho msibani? Nilimwona siku ile kwenye basi amelala mdomo wazi nikasema moyoni huyu hafiki Isaka bila homa. Naamini Mungu amewafikisha salama na kwamba kazi za hapo bandari kavu zinaendelea, maana malori yanayopita hapa kwenda kwenu hayahesabiki.

Sisi huku ni mhola duhu, salama tu, kama alivyokuwa akijibu marehemu mama, mayu wetu, hata siku mbaya. Mvua imeanza wiki iliyopita. Kijijini shamba la juu limeshalimwa, la bondeni bado. Ng'ombe wote wapo, yule mweusi amezaa dume. Michembe ya viazi aliyoianika mayu mwenyewe mwezi wa saba bado ninayo hapa debe moja na nusu. Sijaigusa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Jumapili nilikupigia mara mbili, na mara zote mbili ulipopokea niliuliza habari za watoto nikakata. Nikisema nawe kwa simu utaniuliza jambo katikati, nami nitaishia njiani. Kwa hiyo nimeandika, na Nasibu, yule dereva mnayefahamiana naye, amekubali kukupitishia kesho akishuka kutoka Rusumo. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia, na kabla hujapanda gari la kuja huku Jumamosi.

Nianze na habari za kazini, kwa sababu jambo lenyewe limetokea huko.

Unajua kazi yangu hapa hospitalini ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa, na kwa kuwa hakuna mwingine, kompyuta zote saba nazo ni zangu. Programu tunayotumia kuwasajili wagonjwa na kuhifadhi vipimo vyao ni toleo la tatu. Ilifungwa kwenye kompyuta zetu mwaka ule nilioajiriwa, miaka tisa sasa. Naijua kama ninavyoijua njia ya kisimani. Najua ikikwama ubonyeze wapi, najua ni ukurasa gani haupendi herufi ya ng'. Daktari akikosa faili ananiita mimi. Hata nikiwa likizo wananipigia.

Mwezi wa pili mwaka huu watengenezaji walituandikia kwamba limetoka toleo la tano, na kwamba hili la kwetu hawatalihudumia tena mwaka ukiisha. Hawakuwa wanazungumzia marekebisho madogo. Ni kama kuhama nyumba: mpangilio mpya, seva mpya, watumishi wote wafundishwe upya, na kumbukumbu za miaka tisa zihamishwe. Sista Paskalia, mkuu wetu wa hospitali, akaniita ofisini akasema yeye hajui mambo hayo, anachotaka kujua ni kama kuhama kuna faida au tutajisumbua bure. Akanipa mwezi mmoja nimwandikie maoni.

Nikaandika kurasa mbili. Nilisema umeme wetu unakatika na toleo jipya linataka seva isiyozimika. Nilisema mtandao wa hapa ukinyesha mvua haupo. Nilisema kompyuta nne kati ya saba ni za zamani, hazitalibeba. Nilisema wauguzi wetu walichukua mwaka mzima kuzoea hili, na Justa wa mapokezi mpaka leo anaandika kwa kidole kimoja. Yote hayo yalikuwa kweli, kaka, hakuna nililotunga. Mwishoni nikaandika kwamba toleo la tatu halijawahi kupoteza jibu la kipimo cha mgonjwa hata mmoja, na kwamba kwa maoni yangu mfumo wa zamani unatosha. Sista akasoma, akasema Anisia ndiye anayejua, barua ikawekwa kwenye jalada. Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Pasaka.

Kisha likaja la mayu. Mwezi wa saba wewe ndiye uliyemchukua moja kwa moja kutoka kijijini mkapita Kahama mpaka Mwanza, na mengine unayajua kuliko mimi.

Nilirudi kazini wiki moja baada ya kumzika. Watu walinipa pole nikajibu asante. Chai ilikuja nikanywa. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona kabisa kuwa ni wako lakini ukiubana hausikii. Mpaka leo niko hivyo. Usinihurumie kwa hilo, nakueleza tu ili ujue barua hii imeandikwa na mtu wa namna gani.

Tarehe 21 Oktoba akaja binti mmoja kutoka kwa watengenezaji, anaitwa Bhoke, mtu wa Tarime. Alikuwa ametumwa kwa hospitali zote ambazo zilikuwa hazijaamua. Akamwambia Sista kwamba haji kutulazimisha. Anaomba wiki mbili, kompyuta moja, na nakala ya kumbukumbu zetu, ili tulijaribu toleo la tano pembeni huku kazi ikiendelea kwenye la tatu, kisha tuseme wenyewe ndiyo au hapana. Sista akasema Anisia akae naye.

Siku za kwanza niliona nilikuwa sawa. Kumsajili mgonjwa mmoja kwenye toleo la zamani ni ukurasa mmoja, kwenye jipya ni mitatu, na asubuhi ya Jumatatu foleni yetu inafika getini. Justa alijaribu akasema huyu mgonjwa atapona au atakufa kabla sijamaliza jina la babu yake. Jumatano mtandao ukakata, jipya likasimama, la zamani likaendelea kama kawaida. Nikayaandika yote kwenye daftari. Bhoke hakubishana. Alisema tu kwamba hilo la mtandao lina dawa yake na akanionyesha, na kweli siku iliyofuata halikusimama tena. Niliandika na hilo.

Lilikuwa na mazuri pia. Mgonjwa aliyesajiliwa mara mbili kwa majina mawili, lilimkamata. Dawa mbili zisizopatana, lilikataa kuziandika mpaka daktari athibitishe. Unajua wagonjwa wetu wengi ni watu wa machimboni. Leo yuko duara hili, shimo hili la dhahabu, mwezi ujao amesikia imetoka kwingine amehama na laini ya simu ameibadilisha. Toleo la zamani lilikuwa likimhifadhi alivyokuja siku ile, basi. Asiporudi, faili lake linakaa kimya. Hakuna mtu anayejua kuwa hajarudi.

Alhamisi ya wiki ya pili Bhoke akaniuliza kama nimeona orodha ya majibu. Nikasema orodha gani. Akabonyeza mahali. Alisema toleo la tano linapitia mafaili yote lenyewe, linatafuta kila jibu la kipimo lililoingia likiwa na tatizo, ambalo mwenyewe hajarudi kulichukua. Ilikuwa saa nne asubuhi. Orodha ikatoka ikiwa na majina arobaini na moja.

Nilimwambia haiwezekani. Nikafungua toleo la tatu pembeni nikatafuta jina la kwanza, jibu lilikuwepo. La pili, lilikuwepo. Halikuwa limepotea hata moja. Yote yalikuwa yamehifadhiwa vizuri, kama nilivyomwandikia Sista.

Bhoke akasema basi tuwapigie. Yeye anasoma jina na namba, mimi napiga. Wa kwanza hakupatikana. Wa pili alikuwa mwanamke anaitwa Martina, anapika chakula kwenye karasha huko wanakosaga mawe. Namba yake ilipokelewa na mtu mwingine, huyo akampelekea simu. Nikamwambia majibu yake ya mwaka jana yapo na anatakiwa kufika. Akauliza kwa nini hamkuniambia. Nikamwambia tunakuambia sasa. Alikuja kesho yake na aproni yake, akatibiwa siku hiyohiyo, daktari akasema amewahi.

Tukaendelea. Kumi na wawili tulikuwa tumeshawamaliza. Bhoke akasoma wa kumi na tatu bila kuinua macho. Alisema, "Limi Ngassa, miaka hamsini na nane. Kipimo cha mlango wa kizazi. Jibu limeingia tarehe 16 Januari. Namba hii hapa."

Kaka, namba yenyewe ilikuwa ile ya baba, iliyozimwa tangu alipofariki. Niliiandika mimi, mwaka ule nilipomsajili mayu kwa ajili ya macho.

Nikamwambia Bhoke, "Huyo mruke."

Akauliza, "Mnamfahamu?"

Nikasema, "Ameshafariki."

Akanipa pole, akabonyeza kisanduku cha amefariki. Kompyuta ikauliza tarehe. Nikasema tarehe 24 Septemba. Ikauliza taarifa imetoka kwa nani. Bhoke akanigeukia. Nikamwambia, "Andika ndugu." Akaandika ndugu. Kisha akauliza tuendelee, nikasema tuendelee, tukamaliza wote arobaini na mmoja. Tuliwapata kumi na tisa. Sita walikuwa wamefariki, na yeye nikimhesabu. Waliobaki hawakupatikana, mpaka leo tunawatafuta kwa wenyeviti wa vitongoji.

Bhoke alipoenda kula nilifungua faili nikalisoma. Novemba mwaka jana hospitali yetu ilipeleka wauguzi kwenye vigango kuwapima akina mama, na akina mama wa WAWATA wa kigango chetu wakajitokeza, mayu akiwa mmoja wao. Sampuli zikaenda Mwanza. Jibu lake likarudi Januari, likisema kuna chembechembe zinazoelekea kuwa saratani, mgonjwa arudi mapema. Mtu wa maabara akaliingiza kwenye faili kama anavyoingiza yote, akafunga. Hapo likakaa. Ninyi mlipompeleka Mwanza moja kwa moja, hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifungua faili la Bugelamo.

Sasa nafika pale ninapopaogopa, na nimeandika kurasa nyingi ili nisifike.

Siku ya matanga ulisimama ukarudia maneno ya daktari wa Mwanza, kwamba mngemleta miezi sita nyuma mngekuwa mnazungumza mengine. Ukauliza imekuwaje mtu mzima na akili zake aumwe hivyo asijue. Mjomba akajibu kwamba alifungwa macho asiuone ugonjwa wake, na wote wakageuka wakamtazama mama mdogo Suzana, mke mwenza wa mayu. Nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye mkeka. Sikumtetea. Tangu siku ile hakuna anayekula kwake. Watoto wameambiwa wasipite nyuma ya nyumba yake. Jana Violeth wa jirani pale kijijini amenipigia kusema mmempa mpaka Jumamosi hii aondoke kwenye mji wa baba, na kwamba mjomba amekwenda kwa mganga akarudi na neno. Kaka, wewe na mimi tunajua maneno ya namna hiyo yanaishia wapi huku kwetu. Mwanamke amezeeka, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, na hana mtoto wa kiume wa kumtetea.

Mayu hakufungwa macho. Alijua kuna kitu, ndiyo maana alikwenda kupimwa. Na aliuliza.

Aliniuliza mimi. Mara ya kwanza ilikuwa Februari. Alinipigia akazunguka sana, mbuzi, mvua, mchango wa kigango, mwishowe akasema, "Mwanangu, wale waliotupima walisema majibu yatakuja. Wewe si ndiye unayekaa na hayo makaratasi?" Nikamwambia, "Mayu, wangeona kitu wangekupigia." Akasema haya.

Mara ya pili ilikuwa Jumatano kabla ya Pasaka. Nilikuwa mezani kwangu, kompyuta imewaka, naandika zile kurasa mbili za Sista. Simu nilikuwa nimeibana begani. Mayu akasema, "Ulishaniangalizia?" Nikamwambia, "Mayu, ukiona kimya ujue ni kuzuri." Akacheka kidogo, akasema basi namshukuru Mungu, akaniuliza kama nitakuja sikukuu. Nikasema kazi ni nyingi. Alipokata nikaendelea na sentensi niliyokuwa nayo. Ilikuwa ile ya kwamba mfumo wetu haujawahi kupoteza jibu hata moja.

Kulifungua faili lake kulihitaji jina na mwaka wa kuzaliwa. Nusu dakika. Nilikuwa nimeshaweka mikono kwenye vibonyezo.

Na yale maoni yangu, kaka, hayakuwa ya umeme wala mtandao. Umeme na mtandao ni kweli, lakini sikuandika kwa sababu hizo. Niliandika kwa sababu kwenye toleo la tatu kila mtu ananihitaji, na kwenye la tano ningekuwa mtu wa kufundishwa na binti kama Bhoke. Nilimaliza kidato cha nne tu. Niliogopa kuonekana sijui. Hiyo ndiyo sababu, na nimeitazama wiki mbili nione kama kuna nyingine nzuri zaidi, haipo.

Najua unaweza kusema hata orodha hiyo ingekuwepo Januari, namba ilikuwa ya marehemu. Nimeliwaza hilo. Lakini orodha ingefika mezani kwangu, na jina ningelijua.

Ijumaa iliyopita kamati ya hospitali ilikaa. Sista akasema nitoe maoni yangu baada ya majaribio, tuhame au tubaki. Daktari mmoja alikuwa upande wa kubaki, akaisoma barua yangu ya Machi mbele ya watu, kifungu kwa kifungu, akasema Anisia mwenyewe alishatueleza. Nikawaambia yaliyomo ni kweli mpaka sasa. Foleni itakuwa ndefu miezi mitatu minne ya mwanzo, watumishi watalalamika, kompyuta nne lazima zibadilishwe. Kisha nikawaambia kuna watu arobaini na mmoja na mmoja wao ni mama yangu mzazi, na kwamba alinipigia simu kuuliza mara mbili. Sista Paskalia alivua miwani akaifuta kwa ushungi, akaivaa tena, akauliza, "Kwa hiyo maoni yako ni nini?" Nikasema tuhame. Wakapiga kura, tunahama Januari.

Sista alinibakiza. Nilimwambia kama anataka kuniondoa kazini sitalalamika. Akasema atanijibu. Bado hajanijibu, ila jana ameniletea ratiba ya mafunzo na jina langu lipo kama mwalimu wa wauguzi. Sijui kama hilo ndilo jibu.

Ninachokuomba ni hiki. Jumamosi usimguse mama mdogo Suzana, wala usimwache mjomba amguse. Akiuliza nani alimfunga mayu macho, msomee barua hii. Mimi mwenyewe nitafika Ijumaa jioni. Nitalala kwa mama mdogo, nitakula anachopika, na asubuhi nitasimama mbele ya wajomba nirudie kwa mdomo wangu haya niliyoandika. Baada ya hapo mkiniambia nisikanyage tena kwenye mji ule, nitaelewa. Bora niondoke mimi, nina mshahara na chumba cha kupanga. Yeye hana pa kwenda.

Sijalia bado. Watu wananiambia nitalia siku nisiyoitegemea. Pengine itakuwa hiyo Jumamosi, pengine hapana. Ukinikasirikia una haki, na sikuombi ufanye haraka kunisamehe. Nakuomba tu hilo la mama mdogo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Nasibu nimempa kuku mmoja na mfuko wa karanga, ni vyenu. Msalimie sana wifi Eunice. Mwambie aende kupimwa kile kipimo, asione haya, hakiumi. Na akipimwa asikae nyumbani kusubiri kupigiwa simu. Arudi mwenyewe, akae pale kwenye benchi mpaka mtu afungue faili lake na kumsomea.

Ni mimi mdogo wako,

Anisia Wiliam